Nyota Mbili na Nusu

Daktari wa meno alipotangaza kwamba anataka kununua gari la mbio, mama yake alikuwa na funda la chai mdomoni. Akapaliwa. Kaka mtu akainuka kumpigapiga mama mgongoni, huku akimkodolea macho mdogo wake kama mtu aliyeambiwa kwamba paka wa nyumbani ameomba ruhusa ya kusafiri.

"Gari la nini?"

"La mbio, Kaka. Umesikia."

"Mbio unakimbilia wapi? Toka kwako mpaka kliniki ni mwendo wa kuimba wimbo mmoja!"

"Basi nitauimba upesi."

Nyumbani walimwita Koleo. Jina hilo alibandikwa na kaka yake mwaka alioingia chuo cha meno, na ingawa sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye kliniki yake mwenyewe na jina lake halisi mlangoni kwa herufi za shaba, sebuleni kwa mama hakuna aliyelikumbuka jina hilo la shaba. Alikuwa Koleo tu. Alikuwa mtu wa maneno, mwepesi wa kucheka, na hapo ndipo kazi yake ilipomtesa kwa namna ambayo watu hawaifikirii: kutwa nzima alizungumza na watu walioachama. Anamuuliza mgonjwa habari za watoto, mgonjwa anajibu, "Aaa." Anamchekesha, mgonjwa anasema, "Aaa." Jioni anarudi kwenye nyumba yake nadhifu, anafungua mlango, na hata huyo wa kumwambia "Aaa" hayupo.

Kasi aliipenda tangu alipokuwa mtoto wa kuteremka kilima na baiskeli ya baba yake bila kugusa breki, sketi ikipepea, mama akipiga mayowe mlangoni. Hakuipenda ili aonekane. Aliipenda kama wengine wanavyopenda kuogelea au kulala mchana. Miaka yote alikuwa ameiweka kando kwa sababu kulikuwa na karo, kliniki, matibabu ya baba mpaka baba akapumzika. Sasa alitaka kitu chake, na hakutaka kukiombea radhi.

Kaka yake alikuwa mkaguzi wa bima. Kazi yake ilikuwa kuyazunguka magari yaliyogongana akiandika kilichovunjika, kwa hiyo kila gari zima alilolitazama, yeye alikuwa ameshaliona limepondeka.

"Sawa," alisema mwishowe, akikaa. "Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini kama ni lazima ununue, basi nunua lililo bora, siyo la kuokota kwa macho. Nina rafiki yangu, nimesoma naye. Ndiye yule anayehakiki magari kwenye jarida na kwenye simu. Bwana Nyota. Gari likipata nyota tano kwake, hata mimi bima naikata nimefumba macho."

"Mimi nimeshaliona ninalolitaka. La kijani, pale yadi ya karibu na mzunguko."

Kaka alikuwa ameshatoa simu. Akatafuta, akapata, akacheka kicheko cha mtu aliyeshinda kesi. "La kijani! Mama, sikiliza. Limepewa nyota mbili na nusu. Anasema hivi: 'Si gari la familia, si gari la mashindano. Ni gari la mtu asiyejua anachotaka. Linakimbia kama linaomba radhi.'"

Koleo alihisi maneno yale yakimchoma mahali ambapo hakujua pana ngozi laini. Mtu asiyejua anachotaka. Ni yale yale aliyoambiwa kila alipokataa mchumba aliyeletwa na shangazi. Akaweka kikombe mezani polepole.

"Mlete huyo rafiki yako," alisema. "Nataka nimwone huyo anayejua ninachotaka kuliko mimi."

* * *

Jumamosi iliyofuata walikutana yadi. Mama naye alikuwepo. Alikuwa amekataa katakata kuachwa nyumbani, pamoja na goti lake bovu, akavaa viatu vyake vya kuendea harusini. "Mwanangu akinunua gari mimi nisilikague? Nilikagua hata maziwa aliyonyonya."

Koleo alitegemea kumwona mtu wa miwani ya jua na mnyororo shingoni. Badala yake akamwona mwanamume mrefu, mwembamba, akivuka barabara kwa miguu, shati limekunjwa mikono, akifuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi. Alimwamkia mama kwanza, kwa kuinama. Kisha akampa Koleo mkono. Mkono ulikuwa mkavu na wenye joto, na ukachelewa kidogo kutoka. Au labda ni yeye aliyechelewa kuuachia.

"Umekuja na gari gani?" Koleo alimuuliza.

"Na basi."

"Mhakiki wa magari?"

"Sina gari, Daktari. Yote ninayoendesha ni ya watu. Wikiendi najaribu moja, Jumatatu narudisha funguo." Akatabasamu, na Koleo akauona mwanya katikati ya meno ya mbele, mwanya wa kuzaliwa nao, safi, kama mlango mdogo ulioachwa wazi makusudi. Katika maisha yake alikuwa ameona midomo isiyo na idadi. Hakukumbuka hata mmoja uliomfanya asahau alichokuwa akitaka kusema.

Akajitetea kwa kazi yake. "Gego la chini kushoto linakusumbua."

"Umejuaje?"

"Unacheka kwa upande mmoja."

"Haya, haya," kaka mtu akaingilia, akimsukuma rafiki yake begani. "Meno baadaye. Muonyeshe lile la fedha."

La fedha lilikuwa limeegeshwa mbele kabisa, chini ya taa, limejilaza chini kama chui anayevizia. Lilikuwa na nyota tano. Muuzaji, kijana wa tai nyembamba, alifungua mlango kwa madaha ya mtu anayefungua pazia. Mama akawa wa kwanza kusogea. Akaingiza mguu, akautoa. Akaingiza wa pili, akautoa. Akajaribu kuingia kinyumenyume.

"Mwanangu," alimuuliza muuzaji, "hili gari linaingiwa au linavaliwa?"

Nyota akacheka mpaka akainama. Kaka hakucheka. Ikabidi Koleo aende na Nyota peke yao, mama akabaki kwenye kiti cha plastiki kivulini, mkoba mapajani.

Lilikuwa gari kweli. Koleo hakuweza kusema uongo. Alipokanyaga mafuta kwenye barabara kuu, kiti kilimpiga mgongoni kama kofi la rafiki na moyo ukaruka mbele kuliko gari. Alipiga ukelele wa furaha. Lakini ukelele wenyewe hakuusikia, kwa sababu injini ilikuwa ikinguruma masikioni kama mashine ya kukoboa.

"Una watoto?" alimuuliza Nyota, alipokwisha kuzoea.

"Nini?"

"Watoto! Unao?"

"Ndiyo! Sita!"

Koleo akamgeukia, macho yamemtoka. "Sita?"

"Sita mbele, na ya kurudi nyuma!" Nyota alipaza sauti, akionyesha gia. "Lakini linazibadilisha lenyewe!"

Koleo akaacha kuuliza. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, na vidole vyake, vidole vilivyozoea kujua kwa mguso tu kama jino limeoza ndani, havikuwa na kazi yoyote. Gari lilijua kona kabla yake. Lilibadilisha gia kabla hajafikiria. Waliporudi yadi, akazima injini.

"Vipi?" kaka aliuliza, uso umemng'aa.

"Zuri sana. Linajua kila kitu." Akafungua mkanda. "Halinihitaji."

* * *

La kijani lilikuwa limewekwa nyuma, karibu na bomba la maji. Lilikuwa na viti viwili vya mbele na viwili vyembamba vya nyuma, gia za mkono, na mlango mpana ambao mama aliupita bila kuomba msaada. Alikaa nyuma, akaweka mkoba wake pembeni kama aliyefika kwake, akasema, "Twendeni." Kaka akakataa kupanda. Alisema atabaki kuulizia bei ya lile jingine.

Koleo hakuelekea barabara kuu. Alishika njia ya kilimani, ile yenye kona nyingi, inayopita kwenye mashamba ya maua na viwanda vidogo vya matofali. Nyota akasafisha koo.

"Injini ya hili, kama utaona, inaanza kuvuta ikishafika..."

"Usinisimulie gari," Koleo alimkata. "Gari nimelikalia mwenyewe. Nisimulie wewe."

"Mimi?"

"Hapa nakusikia. Tumia nafasi."

Akasita. Kisha, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, akaanza. Akamweleza kwamba alilelewa na bibi yake, na kwamba bibi huyo alikuwa akihamahama kufuata kazi ya kupika mashuleni, kiasi kwamba yeye alijua kufunga mzigo kabla ya kujua kusoma. Akaeleza alivyoanza kuandika. Koleo akauliza, Nyota akajibu. Nyota naye akauliza, Koleo akajibu. Mama akachomekea neno hapa na pale. Kwenye kona Koleo alishusha gia kwa mkono wake, gari likaitika, likashuka bega kidogo na kuinuka, na barabara yote, kokoto zake na mashimo yake, ikapanda kwenye usukani hadi kwenye ncha za vidole vyake, wazi kama jino linavyojieleza kwenye kioo kidogo. Lilikuwa na kasi. Halikuwa na kasi ya lile la fedha, lakini lilikuwa na kasi ya kutosha kumfanya mama aseme huko nyuma, kwa sauti ya chini yenye aibu kidogo, "Kaza, mwanangu. Kaza kidogo."

Koleo akakaza. Kisha, juu kabisa ya kilima, penye nafasi ya kuegesha, akasimamisha gari ghafla.

"Uliandika linakimbia kama linaomba radhi."

Nyota alijua swali hilo lingefika. "Niliandika."

"Na kwamba ni la mtu asiyejua anachotaka."

"Daktari, kazi yangu ni kupima. Nina saa, nina vipimo. Linachelewa kuliko wenzake, buti ni dogo, viti vya nyuma ni vya..."

"Vya mama yangu," Koleo alisema. Sauti yake haikuwa ya juu, ila ilikuwa imeanza kutetemeka, na yeye mwenyewe alishangaa. "Wewe unapima, sawa. Lakini kwa maneno yako kaka yangu ananisomea sebuleni mimi ni mtu wa namna gani. Mimi najua ninachotaka, bwana. Nataka kukimbia, na hilo sioni haya. Nataka mikono yangu ifanye kazi. Nataka mama yangu akae nyuma asiangaliwe kama mzigo. Na nataka mtu akiwa pembeni yangu nimsikie akinijibu, kwa sababu kutwa nzima, mwaka mzima, hakuna anayenijibu. Hizo ni nyota ngapi kwenye saa yako?"

Mama akajitia kutazama mashamba ya maua.

Nyota aliangalia mikono yake. Alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu mengi, ndiyo kazi yake. Lakini alipomtazama yule mwanamke, kidevu juu, machozi yamesimama yakikataa kudondoka, majibu yote yalimkimbia kama kuku walioona mwewe.

"Endesha tena," alisema. "Safari hii nanyamaza."

Koleo akaondoa gari. Waliteremka upande wa pili wa kilima, taratibu kwanza, kisha kwa raha. Mama akaanza kuimba wimbo wake wa kufulia nguo. Koleo akaufuata kwa kuguna. Walipofika bondeni, Nyota akazungumza, bila kumtazama.

"Nilipolijaribu gari hili nilikuwa peke yangu. Huwa najaribu magari yote peke yangu. Nilizunguka nalo siku mbili, nikaona kama lina kitu linasubiri, sijui nini, nikachukia. Nikaandika vile." Akageuka sasa, na macho yao yakakutana kwa muda mfupi tu, kwa sababu barabara ilikuwa na kona. "Lilikuwa linasubiri nipakie mtu."

Koleo alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

* * *

Waliporudi, kaka mtu alikuwa akitembea mbele ya yadi, mikono kiunoni, tai ya muuzaji imelegea kwa uchovu wa maswali ya bei.

"Mlikwenda kununua petroli kisimani? Haya, mwambie, bwana. Mwambie la kununua."

"Mwache anunue la kijani," Nyota alisema.

"Nini?"

"Ndilo lake. Nilikosea."

"Nimekuleta umzuie, wewe unamsukuma!" Kaka akamwangalia rafiki yake, kisha akamwangalia mdogo wake, ambaye alikuwa akimsaidia mama kushuka huku akiwa ameuma mdomo ili asitabasamu. Mkaguzi wa bima hakosi kuona kitu kilichogongana na kingine. Akamshika Nyota kiwiko, akamvuta pembeni, lakini hasira haikumpa nafasi ya kunong'ona.

"Nisikilize. Nakujua tangu shule. Hujawahi kukaa na kitu. Nyumba unapanga, kazi unahama, hata kitanda chako kile cha kukunja. Dada yangu siyo gari la kujaribu, uzunguke nalo wikiendi, Jumatatu urudishe funguo!"

Maneno yale yakatua katikati ya yadi, kila mtu akayasikia. Muuzaji akakimbilia ofisini. Koleo alihisi damu ikimpanda usoni. Alitaka Nyota akane, apaze sauti, aseme lolote. Nyota alisimama kama aliyepigwa na kitu asichokiona. Kisha akamwendea mama, akainama kama alivyoinama mwanzo, akaaga. Alimtazama Koleo kwa namna ya mtu anayetaka kukariri kitu. Akavuka barabara kwenda kituoni.

"Umefanya nini, Kaka?" Koleo aliuliza.

"Nimekukinga."

"Na nani alikwambia ninanyeshewa?"

* * *

Gari lilichukua muda kutoka. Kuna kubadilisha jina, kuna ukaguzi, kuna namba za usajili. Siku zote hizo Nyota hakupiga simu. Koleo naye hakupiga, kwa sababu ana kiburi, na kiburi chake hakijawahi kumletea faida. Kazini aliwaambia wagonjwa wake mambo yasiyo na kichwa wala miguu. "Hivi mtu akisemwa vibaya mbele za watu halafu akanyamaza, ni kwamba amekubali au ameumia?" Mgonjwa akasema, "Aaa." Koleo akaguna, "Na mimi ndivyo ninavyofikiri."

Mama hakumuuliza kitu. Ila siku ya kwenda kuchukua gari, walipokuwa wakitoka getini nalo, likinuka jipya japo halikuwa jipya, mama akasema kutoka nyuma, "Tunaelekea wapi?"

"Nyumbani."

"Kipenda roho hula nyama mbichi, mwanangu. Wewe unakwenda nyumbani kula makombo?"

Koleo akatazama kwenye kioo. Mama alikuwa akijipepea kwa bahasha ya bima, uso mkavu kabisa. Koleo akapiga indiketa.

Ofisi za jarida zilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye duka la vioo chini. Hakuhitaji kupanda. Nyota alikuwa pale pale uani, amepiga goti nyuma ya gari jekundu la mtu mwingine, akipima buti kwa futi ya chuma. Alisikia injini akainua kichwa. Akasimama. Futi ikajikunja yenyewe na kumbana kidole, wala hakuonekana kuhisi.

Koleo akashusha kioo. "Mbona hukupiga simu?"

"Kaka yako alisema kweli."

"Kaka yangu huandika magari yalipokwisha kugongwa. Hajui litakavyokwenda kesho. Mimi nakuuliza wewe. Unataka nini?"

Nyota akasogea, akaweka mkono juu ya paa la gari la kijani, akauondoa, akaurudisha. Mtu aliyezoea kuandika kurasa juu ya taa za breki alionekana anatafuta neno moja.

"Nataka kuzungumza na wewe mpaka niishiwe," alisema. "Halafu nikishaishiwa, nikae hapo hapo."

Koleo alitaka kusema kitu cha busara. Kilichotoka ni, "Na hilo gego utalitibu?"

"Utalitibu wewe."

"Semeni haraka," mama akasema nyuma, "jua linanichoma upande mmoja."

Koleo akaufungua mlango wa abiria kwa kujinyoosha. Nyota akakaa, akafunga mkanda. Lakini Koleo alipotaka kuondoka, Nyota akamwekea mkono juu ya mkono wake, pale kwenye gia. Mara ya kwanza kumgusa tangu ile salamu ya yadi.

"Kwanza twende kwa kaka yako."

"Leo?"

"Sitaki kukaa kwenye gari lako kama mtu aliyejificha. Nataka nikae kwa haki."

* * *

Kaka alikuwa mbele ya nyumba yake, suruali imekunjwa magotini, akiosha gari lake la familia kwa mpira wa maji. Alipoona la kijani likiingia, na waliomo ndani, hakufunga maji. Aliacha yamwagike miguuni pake.

Nyota akashuka. Koleo alitaka kumfuata, mama akamgusa bega. "Kaa. Hayo ni yao."

"Ndugu yangu," Nyota alianza, maji yakimlowesha viatu. "Ulisema dada yako siyo gari la kujaribu. Ulisema kweli tupu, na mimi sikuwa na la kukujibu, ndiyo maana niliondoka. Nimekaa nalo. Sijaja kujaribu. Nimekuja kukuomba, wewe uliye mahali pa baba yake, uniruhusu nije kwenu mchana, kwa mlango wa mbele, mkinijua. Ukisema bado, nitarudi kuuliza tena. Ukisema hapana, nitarudi vilevile, lakini nitaumia."

Kaka mtu alimtazama. Alimtazama kama anavyotazama magari, akizunguka kwa macho, akitafuta palipobonyea. Aliona viatu vilivyolowa na mtu asiyesogea. Akageuza shingo akamtazama mdogo wake ndani ya gari, mikono yote miwili kwenye usukani, uso umefanana na ule wa mtoto juu ya baiskeli kileleni mwa kilima. Uso huo alikuwa hajauona tangu baba afariki.

Akafunga maji. Akaufuta mkono kwenye suruali. Akalizunguka lile gari la kijani, akapiga teke gurudumu moja, akainama dirishani.

"Linakunywaje mafuta?"

"Kwa adabu," Koleo alijibu.

"Mh." Akafungua mlango, akamtazama mama. "Sogea, Mama."

"Unakwenda wapi na suruali mbichi?"

"Nakagua. Kwani mnadhani nitalikatia bima kwa kuambiwa?" Akajipenyeza kwenye kiti chembamba, magoti yakamfika kidevuni. Akamnyooshea Nyota kidole. "Na wewe panda mbele. Ila ujue nakuona."

"Naona unaniona, shemeji."

"Shemeji nani? Bado hujawa shemeji wa mtu!" Lakini alikuwa ameshageukia dirisha, na mama, aliyemzaa na kumlea, aliona shavu lake likiinuka.

Koleo akaweka gia. Mkono wa Nyota ukaja ukatulia juu ya wake, mwepesi, usiozuia kazi, na hakuna aliyesema kitu juu ya mkono ule. Walitoka getini, wakapita duka la kona, wakapita uwanja wa shule, wakashika njia ya kilimani. Wote wanne walikuwa wakiongea kwa pamoja: mama akieleza siku Koleo alipoangukia mtaroni na baiskeli, Koleo akikana, Nyota akitaka kujua ni mtaro upi, kaka akitoa hukumu kwamba mtu aliyeanguka vile hakupaswa kupewa leseni maisha yake yote.

"Tena nakwambia, Koleo," kaka alisema, akijiinua kwa shida katikati ya viti, kidole juu, tayari kwa hotuba, "mtu mwenye akili timamu, akifika hapa..."

Alikuwa na mengi ya kusema, na angeyasema yote, ila kona ilimwahi.